Siku ya Jembe

Mwanzoni Sikudhani alidhani wanakula.

Na ni nani asingedhani hivyo? Vijana wamekaa duara mkekani, magoti yamegusana, katikati pana sinia kubwa, na mikono yote imeinamia humo. Kwa watu wa mji ule, mtu aliye kwenye sinia hasemeshwi. Hata habari ya msiba humngoja anawe mikono kwanza. Basi akina mama walipita na ndoo zao, wakapunguza hatua, wakasema kwa sauti ya chini, "Kuleni wanangu, mshibe," wakaenda zao. Hata walifurahi. Zama hizi, walisema, vijana wanaokula sinia moja wameadimika kama wali wa daku.

Lakini sinia lile halikuwa na wali. Lilikuwa na anga.

Anga lilitulia humo kama maji yaliyotekwa asubuhi, jeusi, na nyota zimekaa chini kabisa kama punje zilizozama. Kijana akiitaka nyota anaiwekea kidole. Akishaiwekea kidole hayupo tena. Pale mkekani panabaki joto lake tu, na wenzake wanasogea kidogo wasipakalie. Anafika huko, anakaa anavyojua kukaa, na akirudi nyota ile imegeuka rangi, imekuwa yake. Wao husema, nimeila. Mchezo wenyewe waliuita Makao, na mshindi ni yule ambaye sinia zima litakuwa la rangi yake, asibakize hata punje. Na usidhani nyota hizo ni mawe matupu. Kila nyota ina wenyewe. Ina moshi wa jikoni, ina watoto wanaokataa kuoga, ina bibi anayelalamikia goti. Nyota ni nyumba ya mtu iliyo mbali, na ukingoni mwa sinia, vichembe vidogo kabisa vile, vilikuwa nyumba za mji wao wenyewe.

Sikudhani aliyajua haya kwa sababu binti yake, Mwamvua, ndiye aliyekuwa akila kuliko wote.

Walikuwa wakimenya mihogo siku aliyomuuliza. Jua lilikuwa pale lilipokuwa. Katika mji ule jua halina amri, hukaa linapopenda, na watu hawalitazami kujua saa.

"Wenzako wanakwendaje huko?"

"Wengine wanakwenda na moto," Mwamvua alisema. "Wanachoma, wanapiga kelele, wanasimika bendera. Wakija kukaa, nyota imeshakuwa majivu. Utakula majivu, mama?"

"Sijawahi kupewa."

"Wengine wanakwenda na vitu. Shanga, vioo, vitambaa vya kung'aa. Wenyeji wanapokea, halafu wanataka tena, halafu tena. Mwisho yeye ndiye anakuwa punda wao."

"Na wewe?"

Mwamvua alitabasamu, kisu kimesimama katikati ya muhogo. "Mimi nakwenda na njaa."

"Njaa?"

"Kidogo tu. Mwenye njaa kubwa wanamwogopa. Mwenye shibe wanamtilia shaka. Lakini mwenye njaa kidogo, mama, hakuna mlango unaomkataa. Napiga hodi, naambiwa karibu. Nakaa pembeni ya mkeka, nakula kidogo, nasifu mboga, wakicheka nacheka. Siku ya kwanza mgeni. Siku ya pili mgeni. Ya tatu..."

"Ya tatu mpe jembe," mama alimalizia, kwa mazoea tu, kama mtu anavyoitikia dua.

"Basi. Wananipa wenyewe, kwa mkono wao. Na kanuni ya mchezo ndiyo hiyo. Aliyepewa jembe amepewa shamba. Aliyepewa shamba amepewa nyumba. Na yule aliyempa anakuwa ndiye mgeni."

Sikudhani alichukua muhogo mwingine. Ukweli ni kwamba moyo wake ulipanda kidogo, kama unavyopanda moyo wa mama yeyote akisikia mwanawe anawashinda wenzake. Kula kidogo, nani alimfundisha? Kusifu mboga hata ikiwa imezidi chumvi, kukunja mkeka uliolalia, kutochungulia chumba cha watu, nani? Ni yeye. Alimlea mtoto awe mgeni mzuri popote atakapofika, maana binti siku moja hufika mahali. Hakujua kwamba ugeni mzuri ni panga, tena lisilo na ala.

Na ile methali, masikini. Walioitunga walikuwa watu wa mzaha mwema. Walitaka tu njia ya kumwambia mgeni mvivu, bila kumvunjia heshima, kwamba sasa ama ufanye kazi ama uage. Jembe lilikuwa kidole kinachoonyesha njia. Hawakufikiria kwamba iko siku atakuja mtu ambaye safari yake yote, toka alipofunga kanga kiunoni, ni hilo jembe. Neno la busara ni kama ufunguo uliotundikwa msumarini. Aliyeutundika alikuwa akiwafikiria wa nyumbani. Hakuuliza nani mwingine ana mkono.

Mwamvua akaenda, akarudi, akaenda. Sinia likajaa rangi yake, ile rangi ya udongo uliolowa. Kila aliporudi adabu ilikuwa imezidi, na kitu kingine kimepungua ambacho mama alikosa jina lake. Zamani ukimwita, "Mwamvua," angeitikia "Abee" kutoka uani, mdomo umejaa, na bado asije. Sasa aliitikia palepale, "Nakusikiliza." Akipewa kikombe cha maji alisema ahsante. Mtoto akianza kukushukuru maji ya kunywa nyumbani kwako, shtuka. Wengine huona ni malezi yamekubali, wakasimulia kwa majirani. Shtuka.

Sikudhani hakushtuka mpaka alipopita kwa Bi Kidawa.

Bi Kidawa alikuwa shoga yake tangu wakiwa wasichana, mwanamke wa mizaha, anayeweza kukuchekesha ukiwa umebeba jeneza. Alimkuta nje ya nyumba yake, amekaa juu ya tofali, mguu juu ya mguu, viatu amevipanga vizuri pembeni.

"Mbona nje, shoga?"

"Nasubiri karibu."

"Ya nani?"

"Ya Hemedi." Hemedi alikuwa mwanawe, mchezaji wa sinia la mtaa wa pili. "Nimeshapiga hodi. Yumo anakula. Namsubiri anawe."

Sikudhani alicheka, akitafuta mzaha uko wapi ili acheke vizuri. "Kidawa, nyumba hii si ulikandika mwenyewe?"

"Nilikandika mimi?" Bi Kidawa aligeuka akautazama ukuta kwa muda. "Ndiyo maana naona umepinda."

Kicheko kikamwishia Sikudhani mdomoni. Akachuchumaa.

"Alikuja vizuri tu," Bi Kidawa alisema, kama anayesimulia habari za mtaa wa mbali. "Akapiga hodi, nikasema karibu. Mdomo una akili gani? Akala, akasifu. Siku ya tatu nikampa jembe, nikajisemea, angalau kijana kakumbuka kulima. Alipolishika tu, shoga yangu, nikajikuta natafuta viatu vyangu mlangoni, kama mtu anayetaka kuaga."

"Na usingempa?"

"Ndiyo kumfukuza. Mgeni asiyepewa jembe siku ya tatu keshaambiwa nenda, na wa sinia akiambiwa nenda hageuki nyuma. Mtoto wa Mashavu hakupewa. Mpaka leo hawajui yuko nyota gani. Mashavu anapiga magoti kwenye sinia, anaita, vijana wanamwambia, mama, unatutia maji." Akakung'uta vumbi ambalo halikuwapo gotini. "Wakikwambia chagua mtoto au mlango, utachagua nini? Mimi nimechagua mtoto. Sasa ninaye. Ananiita mama mgeni. Ananipa chakula kizuri, usiseme."

"Unakula?"

"Nakula kidogo," alisema Bi Kidawa.

Sikudhani alirudi kwake akitembea polepole. Njia ilikuwa ndefu kuliko alipokuja, na nyumba alizozipita alizijua, lakini kila moja aliiona kama anaiona kwa mara ya kwanza, mlango wake, kizingiti chake, aliye nje na aliye ndani.

Mwenye nyumba ni nani, alijiuliza. Aliyejenga. Aliyejenga amekaa juu ya tofali. Aliyezaliwa humo basi. Hemedi kazaliwa humo. Anayejua panapovuja mvua ikinyesha. Kidawa anajua, naye anajua bado, lakini sasa anajua kama anavyojua mtu aliyesimuliwa. Labda mwenye nyumba ni yule anayejibu hodi. Kama ni hivyo basi nyumba si ukuta, wala si paa, nyumba ni sauti moja tu iliyo ndani. Na sauti hupokonywa. Mbona sauti ni rahisi kupokonywa hivyo. Mimi nikifika kwangu sasa hivi, nikasimama mlangoni, na ndani hamna mtu, nitajuaje kwamba ni mimi niliyefika.

Alifika. Hakupiga hodi. Aliingia haraka, akagusa ukuta, akagusa mafiga, akagusa jembe lililoegemea nyuma ya mlango na mpini wake uliolainika kwa viganja vyake. Akainjika chungu cha maharage.

Na siku ikaanza, maana huko siku ni chungu. Chungu kikiinjikwa, imekucha. Chungu kikikwanguliwa ukoko, siku imekwisha, watu wanalala, hata jua likiwa limesimama kichwani.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

"Karibu," mdomo wa Sikudhani ukajibu.

Ulijibu kabla yake. Akasimama na mwiko mkononi, akitaka kulirudisha neno, lakini neno la karibu halirudi. Halina mkia wa kushikia. Na ni neno la ajabu, ukilitazama vizuri. Limebeba mambo mawili mgongoni. Unamwambia mtu, ingia, kaa, nyumba ni yako. Na papo hapo unatamka kwamba kitu hakiko mbali tena, kimesogea, kimefika hapa. Mwindaji husema karibu. Mvua ni karibu. Mauti ni karibu. Watu wake walilitamka kila siku kwa moyo mweupe, wakisikia upande mmoja tu wa neno lao wenyewe.

Mwamvua alikuwa amesimama nje ya kizingiti, viatu ameshavivua. Usoni alikuwa na njaa kidogo.

"Habari za hapa," alisema.

Habari za hapa. Si shikamoo. Sikudhani akamtazama mtoto aliyemzaa wakati wa masika, paa linavuja, mkunga anahamisha beseni huku na huku, ndipo wakamwita jina hilo. "Ni nzuri," akajibu. "Kaa."

Alikaa pembeni ya mkeka. Alikula kidogo. Alisema maharage ya hapa yana ladha ya pekee. Na kwa kuwa alikuwa mchezaji mkweli, hakuficha kitu.

"Sinia limebaki punje moja, mama. Ndiyo hii."

"Naona."

"Sina ubaya na wewe."

"Najua huna." Sikudhani alikoroga chungu. "Ukiila hii, halafu?"

"Nimeshinda."

"Ukishinda inakuwaje?"

Mwamvua alifikiri. Ilionekana wazi kwamba swali lilikuwa geni kwake, kama kiungo asichowahi kukionja. "Pengine nitapumzika," alisema.

"Utapumzikia wapi, mwanangu? Nyumba zote wewe ndiye mwenyeji. Nyota zote wewe. Ukichoka, ukitaka mtu akwambie karibu, kaa, umetoka wapi, mbona umekonda, utapiga hodi kwa nani?"

Binti alitazama sahani yake. Kitu kilipita usoni mwake, kikapita haraka. Kisha akasema maharage yameiva vizuri kabisa, akanyoosha mkeka, akalala kama wanavyolala wageni, chali, mikono imetulia, hajishughulishi na shuka. Sikudhani akakwangua ukoko. Siku ya kwanza ikawa imekwisha.

Siku ya pili aliinjika chungu kikubwa zaidi.

Hapa ndipo alipofanya alichoweza. Hakuwa na elimu ya nyota, lakini jikoni alikuwa mtaalamu, na alijua kwamba chungu kisichoiva ni siku isiyokwisha. Maharage yalipolainika, akaongeza maji. Yalipolainika tena, akaongeza tena. Alipunguza kuni, akaacha moja inayofuka tu. Majirani waliinjika na kukwangua, wakalala, wakaamka, wakaoza binti, wakazika mzee, mtoto wa jirani akaota meno na kuyang'oa, na kwa Sikudhani ilikuwa bado siku ya pili. Mwamvua alikaa pembeni ya mkeka, mgeni mwema, akisifu harufu.

"Mama, leo haiishi?"

"Maharage hayajaiva."

"Ni maharage ya wapi haya?"

"Ya hapahapa. Ni magumu."

"Kama mwenyewe," alisema Mwamvua, na kwa kitambo kidogo mno walitazamana kama mama na binti wanavyotazamana juu ya chungu. Sikudhani aliishika nafasi hiyo moyoni kama mtu anayekinga tone. Lakini Mwamvua alikuwa ameshainamisha kichwa kwa heshima. "Samahani. Nimeteleza."

Ungeweza kuishi hivyo? Sikudhani alijiuliza akiwa amekaa kwenye kigoda, moshi unamtoa machozi. Kumbe wako wanaoishi hivyo. Wako akina mama ambao siku yao ya pili ina umri wa miaka. Mtoto yumo ndani, anakula, anashukuru, na mama anaongeza maji tu, hataki kujua ya tatu italeta nini. Ukimwuliza habari za mtoto anakwambia, yupo. Ni kweli yupo. Na supu imekuwa maji, na maji yamekuwa mvuke, na bado anasema hayajaiva. Hiyo si nyumba tena, ni subira iliyoezekwa. Lakini ukimwambia aipue, atakuuliza, halafu?

Chungu ndicho kilichoamua. Udongo una kikomo chake. Kilipasuka kwa sauti ndogo, kama mtu anayesonya, maji yakamwagika juu ya mafiga, moto ukazimika. Hakukuwa na ukoko wa kukwangua. Siku ikawa imekwisha yenyewe.

Siku ya tatu Sikudhani alipika uji kwenye sufuria. Mikono yake ilifanya kazi bila kumwuliza. Mwamvua aliamka, akanawa uso, akakunja mkeka pembe kwa pembe, akaja akasimama karibu na mlango. Hakuomba. Mchezaji mzuri haombi. Alisimama tu, viganja vimefunguka kidogo, kama mtu aliyesahau kuvifunga.

Jembe lilikuwa nyuma ya mlango, mahali pake.

Sikudhani alilichukua. Alisikia uzito wake, na akasikia, mbali sana, ukingoni mwa anga, vijana wameinamia sinia na pumzi wamezibana. Nikimpa, alifikiri, nitatafuta viatu vyangu. Nitakaa juu ya tofali. Nitamwona kila siku wala hatakuwa na mama, kwa maana mama mgeni si mama, ni mtu anayekula kidogo. Nisipompa, ataaga. Atashukuru kwanza. Atakuwa mwenye rangi ya udongo uliolowa huko kote, nami nitapiga magoti kwenye sinia huku vijana wakiambiana, mwambie huyu mama anatutia maji. Mtoto au mlango. Aliyetunga swali hili ni nani, na kwa nini sote tunakimbilia kulijibu?

Akafanya jambo ambalo halimo katika methali. Aliliweka jembe begani mwake mwenyewe, akampita binti yake mlangoni, bega likagusana na bega, akatoka kwenda shamba. Hakusema shika. Hakusema kwaheri. Wala hakusema twende.

Njiani hakugeuka. Alijua ametenda kosa kubwa la adabu. Mgeni haachwi peke yake ndani ya nyumba. Hata mbwa wa mji ule walilijua hilo. Alifika shambani, akatema mate viganjani, akaanza tuta la kwanza. Kunde zilikuwa zimetoka, changa, na majani yameziingilia pande zote.

Alikuwa hajamaliza tuta aliposikia hatua. Mwamvua alikuja akakaa ukingoni mwa shamba, kwenye nyasi, kanga ameibana magotini.

"Hii haimo kwenye mchezo," alisema.

"Haimo."

"Hukunipa. Hukuninyima."

"Sikukunyima."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Sijui, mama," Sikudhani alisema, akilima. Alimwita mama, kama watu wanavyowaita binti zao. "Mimi nina palizi."

Jembe lilisema yake na udongo. Jua lilikaa pale lilipopenda. Mgeni asiye na kanuni ni mtu wa kuonewa huruma. Mwamvua alikunja mguu, akaukunjua, akatazama juu, akatazama vidole vyake vilivyokula nyota zote zile na sasa havina pa kugusa. Katika nyota zote alizozila, hakuna hata moja alikowahi kukaa tu bila kufuata kitu. Alikosa cha kusifu. Mkono wake, kwa uchovu wa kukaa bure, ukang'oa jani lililokuwa karibu. Ukang'oa jingine. Kisha akasogea kidogo kwa makalio, kama mtoto, ili afikie la tatu.

Sikudhani aliona kwa pembe ya jicho, na badala ya furaha, hofu ikamshika. Kwani huyu anapalilia, au amegundua njia mpya? Mwenye akili hakosi mlango. Aliyegundua kwamba njaa kidogo inashinda moto, atashindwaje kugundua kwamba mkono mtupu unashinda jembe? Labda hivi sasa, ukingoni mwa sinia, wenzake wanaguna kwa kustaajabu. Hivyo ndivyo ulivyo ugonjwa wenyewe. Mtoto akishakuwa mchezaji, hata wema wake unautazama mara mbili. Sikudhani alimtazama mara mbili. Mara ya tatu. Majani yalikuwa yanarundikana. Mgongo ule, jinsi ulivyoinama, ulikuwa mgongo wa mama yake Sikudhani, marehemu. Haikumsaidia kitu. Hata mgongo unaweza kuigizwa.

Walikaribiana bila kupanga, mmoja na tuta lake, mwingine na majani yake, mpaka wakawa hatua moja. Na hapo Mwamvua, kichwa chini, vidole vikienda haraka, akakamata mche wa kunde, akaung'oa na mizizi yake.

Mkono wa Sikudhani ukaruka. Ukamchapa binti kofi mkononi, pa, kabla kichwa hakijajua.

"Hiyo kunde hiyo. Huoni jani lake?"

Sikudhani akaganda. Mgeni hachapwi. Tangu mji ule uwepo, hakuna mgeni aliyewahi kuchapwa mkono.

Mwamvua alitazama kiganja chake. Akatazama kunde iliyolala hapo, mizizi juu.

"Sasa mimi nitajuaje," alisema, na sauti haikuwa ya mtu anayesifu mboga, ilikuwa na kwikwi na hasira na upumbavu wake wote, "na zote si kijani?"

"Utajuaje, macho umepewa ya nini?"

"Si ungesema. Unachapa tu. Kila siku wewe ni kuchapa tu."

"Ningesema mara ngapi? Rudisha hiyo ardhini kabla haijanyauka."

Aliirudisha. Aliishindilia udongo kwa kidole gumba, kwa nguvu zisizohitajika. Kisha akamgeuzia mama yake mgongo, akavuta mdomo, akaendelea kung'oa majani, kila moja akilirusha mbali kana kwamba limemtukana.

Alikuwa amenuna.

Sikudhani alisimama akiitazama ile shingo ngumu, ule mdomo uliovutwa, akiogopa hata kupumua. Mgeni anashukuru, anasifu, anaaga. Mgeni hanuni. Kununa kuna wenyewe, kunataka mtu awe na mahali ambapo hata akivimba hatafukuzwa. Mikono ilimwasha. Alitaka kulitupa jembe, apige magoti, amkumbatie mtoto wake hapohapo kwenye majani.

Hakulitupa. Alilishika vizuri zaidi, akaanza tuta jingine, akamwacha anune.